Turubai la chini likizidi la juu unalala bwawani: yaliyonikuta Hombolo

Mwana wa Chilonwa (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu ni wa wale wenye ugonjwa kama wangu, wa kwenda kulala porini mwisho wa wiki bila hema. Turubai moja juu, kitandiko kimoja chini, basi. Najua humu kuna walinzi wa mashamba ya zabibu, warina asali, wapima ardhi, skauti wastaafu na vijana wa chuo wanaokwenda bwawani kupiga picha. Mtanisaidia, ila kwanza nieleze nilichojifunza kwa gharama ya usingizi.

Mwezi wa kwanza tulikuwa watatu kando ya bwawa la Hombolo. Tulikuwa na maturubai mawili ya bluu yanayofanana, mita 3 kwa 4. Moja tukalitundika kwenye kamba kati ya migunga miwili, likashuka pande mbili kama paa la nyumba. Jingine tukalitandaza chini lote, tukajiona tuna jumba. Sakafu ikatokeza nje ya paa kila upande, tukasema hapo ni sebuleni, pa kuweka viatu na sufuria.

Saa nane usiku mvua ikashuka. Mnaijua mvua ya Dodoma, inaweza kukusahau miezi saba, siku ikija inalipa madeni yote kwa nusu saa. Paa halikuvuja hata tone. Lakini nilishtuka mgongo umelowa, nikamlaumu mwenzangu kwamba kaangusha dumu la maji. Kumbe ni ile sebule. Maji ya upenuni yanadondokea juu ya turubai la chini, hayana pa kuzama kwa kuwa plastiki haipitishi, basi yanatafuta palipobonyea. Na palipobonyea ni pale walipolala watu watatu.

Kesho yake nikashika kalamu. Turubai la upana wa mita 3 ukilikunja katikati, kila bawa ni mita 1.5. Mgongo wa paa ukiwa mita 1.2 kutoka ardhini na kingo zikigusa chini, upana wa sakafu iliyofunikwa ni mita 1.8 tu (kumbe Pythagoras wa kidato cha pili alikuwa na kazi). Sisi tulitandika mita 3. Yaani sentimita 60 kila upande zilikuwa nje zinakinga. Mvua ya milimita 20 juu ya eneo la mita 3 kwa 4 ni lita 240, ndoo kumi na mbili za lita 20. Inayopiga paa inateremka humo, inayopiga kingo inabaki humo. Tuseme nusu ilimwagikia nje. Ndoo sita nazo mbona ni nyingi kwa mtu aliyelala?

Ningeshusha mgongo wa paa hadi sentimita 90, sakafu ingepanuka kufika mita 2.4, lakini hata hivyo mita 3 isingeenea.

Kwa hiyo sasa nakata kitandiko kidogo kuliko kivuli cha paa. Kiganja kimoja ndani ya mstari wa matone kila upande, na kwenye milango miwili naacha nusu mita, maana huko mvua inaingia kwa kupeperushwa. Kama sitaki kulikata, nakunja kingo kuelekea chini, zilale kati ya turubai na udongo, ili tone likianguka lizame ardhini.

Maswali yangu: kati ya turubai na ile nailoni nyeusi ya wajenzi, kipi bora? Na kiangazi kuna haja ya kutandika kitu kabisa? Na wadudu je?

Naomba kuwasilisha.

---

Nyundo Bila Mpini

Pole mkuu. Ila bila picha uzi huu ni tetesi.

---

Mwana wa Chilonwa

Simu ilikuwa sebuleni.

---

Mama Karanga

Wanangu, nimecheka lakini nimesikitika. Hili mbona sisi wakulima tunalijua? Ukianika mahindi halafu wingu likatokea, unafanyaje? Unakusanya rundo katikati, unalifunika kwa turubai la juu, na lile la chini unalikunja kingo zake liingie chini ya la juu. Ukiacha pindo moja tu limetokeza, asubuhi rundo limelowa kutokea chini na juu ni kavu. Nendeni Kibaigwa sokoni mkaulize wanaolinda magunia, watawaambia hivyohivyo. Tangu ile sumukuvu ya 2016 iliyoua watu huku kwetu na Manyara tunasisitizwa mahindi yasiguse udongo, kila nyumba ina turubai. Mnakwenda kutafuta elimu bwawani wakati mama zenu wanayo uani.

Nami nina langu. Kijana wangu alichukua turubai langu la kuanikia karanga akaenda nalo kupiga kambi na wenzake. Limerudi na matundu kama chekecheke. Ni mbigili tupu. Linazibwaje?

---

Fundi Nondo

Shikamoo mama. Nianze na lako. Hilo la bluu au la kijani lenye uzi wa kufumwa ndani ni polithini, na polithini haishiki gundi karibu zote. Usije ukadanganywa ukabandika kiraka kwa solusheni ya baiskeli, kitakaa siku mbili. Chukua kipande cha turubai kama hilohilo, shona kwa sindano ya magunia, halafu pitisha tepu pana pande zote mbili. Turubai la lori, lile zito lenye kung'aa, hilo ni PVC na lina gundi yake, linabandikika vizuri.

Mleta uzi, nailoni nyeusi tunayotandika chini ya zege ni kitandiko kizuri kuliko watu wanavyodhani. Geji 1000 ni sawa na maikroni 250, robo milimita. Mita moja ya mraba ina gramu 230 hivi. Kitandiko cha mtu mmoja, mita 1 kwa 2, hakifiki nusu kilo. Turubai la lori la gramu 650 kwa mita ya mraba, ukubwa huohuo ni kilo 1.3. Kama unatembea kwa miguu utaiona tofauti kabla hujafika. Ubaya wa nailoni ni mmoja, ikipata tundu hilo tundu linakimbia, haina uzi wa kulizuia. Na kwenye mteremko inateleza, unalala kichwani unaamkia miguuni.

Na mtu asitandike ile laini ya geji 250. Hiyo mwiba wa mgunga hauioni kabisa.

---

Jasiri Muoga

Kuhusu kuteleza: juu ya nailoni weka mkeka wa ukindu, umekwisha. Mkeka unashika.

Swali langu ni nge. Nikilala Mtera mwaka juzi nilikunja kitandiko asubuhi nikakuta wawili wamelala chini yake kama wamelipia chumba.

---

Mrina wa Itigi

Vijana, salamu. Mimi nimelala porini tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nikimfuata baba kwenye mizinga. Naona mnapiga hesabu nyingi kwa kitu kidogo.

Nge hafukuzwi na kitandiko. Kitandiko ndicho kinachomwita. Anapenda giza na unyevu, na chini ya plastiki kuna vyote viwili. Kuna adabu yake. Kwanza kabla ya kutandika unafagia kwa tawi mpaka uone udongo mtupu, unageuza kila jiwe na kila gogo la jirani. Pili unatandika wakati wa kulala, usitandike saa tisa mchana ukaenda kuzurura. Tatu asubuhi unainua ule upande wa mbali na wewe kwanza, ukielekeza kufunguka kwake mbele, kama unavyofungua mlango wa nyumba usiyoijua. Viatu unavikung'uta. Basi.

Mchwa ni habari nyingine. Mchwa hawali plastiki lakini mkeka, gunia la katani na turubai la pamba wanakula usiku mmoja. Ukiamka ukaona mistari ya udongo mbichi imejengwa chini ya kitandiko, hamisha siku hiyohiyo.

Kiangazi mimi sitandiki nailoni. Natandika viroba viwili vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja, juu yake blanketi. Kiroba kinapumua. Nailoni asubuhi unakuta imetoka jasho.

---

Fundi Nondo

Mzee shikamoo. Hapo kwenye jasho naomba nipinge kidogo. Lile jasho likiwa upande wa chini, ni la ardhi, wala si la nailoni. Mchana udongo umepata joto, usiku hewa imepoa, mvuke wa udongo unapanda, unakutana na plastiki unapoa kuwa matone. Bila plastiki mvuke huohuo ungepitiliza kwenye blanketi lako, ila usingeuona, ungehisi tu baridi alfajiri. Ndiyo maana hatumwagi zege la sakafu bila nailoni chini.

---

Mrina wa Itigi

Marahaba. Sawa fundi, zege halina mgongo. Mimi nina mgongo na haujalalamika.

Ila masika nakubali, natandika.

---

Dada wa Makole

Mgongo wa mzee ni wa zamani, wetu ni wa viti vya ofisini. Jamani watu wanachanganya kukauka na kupata joto. Mwezi wa saba nililala juu ya kilima nje ya mji, nina nailoni ya fundi, nina blanketi zito. Nikatetemeka mpaka kunakucha. Dodoma ipo juu, zaidi ya mita 1,100, na usiku wa Juni na Julai unashuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo juu yake. Blanketi ulilolilalia linabanwa na uzito wako, halina hewa tena ndani, joto lako lote linanyonywa na ardhi. Nailoni haizuii hilo hata kidogo, inazuia maji tu.

Sasa nabeba kigodoro chembamba cha sponji nakifunga kwa kamba. Kama sina, nakusanya nyasi kavu nene chini ya nailoni, siyo juu, ili zisiniwashe. Na moto unakaa mbali kabisa, upande ambao upepo unaupeleka nje. Plastiki na nyasi kavu ni jambo la sekunde tu.

---

Jasiri Muoga

Dada umenikumbusha upepo. Huku upepo mwingi unatokea mashariki. Mimi naelekeza bawa la paa upande huo, nalishusha mpaka liguse chini na mawe juu yake, na upande wa magharibi nauinua kidogo nipate hewa. Ukielekeza mlango mashariki, vumbi lote la Dodoma litalala na wewe, na mvua ikija inaingia ndani kama ina funguo.

---

Mwanafunzi wa Jiolojia

Nashukuru kwa uzi. Swali: mbona hamjasema kuchimba mtaro kuzunguka turubai? Kwenye skauti tulifundishwa mtaro ndiyo kwanza.

---

Babu wa Kondoa

Mjukuu, kwa huo mtaro naomba tuzungumze vizuri.

Udongo wetu ukiukwangua ngozi ya juu umeualika mvua. Mimi nimekulia Kondoa Irangi, nimeona mfereji wa mguu wa ng'ombe ukawa korongo la kuzamisha basi. Ndiyo maana mwaka 1973 ulianza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Watu walihamisha ng'ombe wao kwa machozi. Halafu leo mtu anakuja kulala usiku mmoja anachimba mtaro, asubuhi anapanda pikipiki anaondoka, mtaro anauacha na mteremko.

Mtaro ni dawa ya mtu aliyechagua mahali pabaya. Chagua mahali. Panapopanda kidogo, kichwa juu. Tazama takataka zilizoachwa na maji, vijiti na kinyesi cha mbuzi vilivyojipanga mstari mmoja, pale maji hupita, usilale. Udongo mwekundu wa kichanga unameza maji haraka. Udongo mweusi wa mbuga unatuama, unanata, na kitandiko chako kitakuwa mtumbwi.

Na korongoni usilale hata kama mchanga wake ni laini kama godoro na mbingu ni nyeupe. Mvua inanyesha milimani usikoona, maji yanakukuta wewe umelala kwenye ukavu.

---

Mwanafunzi wa Jiolojia

Nimekuelewa babu. Shikamoo, nilisahau.

---

Babu wa Kondoa

Marahaba mjukuu.

---

Nyundo Bila Mpini

Lakini wakuu, kama maji yanatambaa chini kutoka juu ya mteremko, kukunja kingo kwenda chini si unayakaribisha? Nadhani kingo ziinuliwe juu kama beseni.

---

Mwana wa Chilonwa

Mkuu leo umeuliza la maana, nakusamehe lile la picha. Zote mbili zinafanya kazi, ila kila moja ina adui wake. Beseni linazuia maji yanayotambaa ardhini, lakini likitokeza nje ya paa linakuwa bwawa langu la Hombolo. Kwa hiyo beseni likae lote ndani ya mstari wa upenu, ndipo uinue kingo kiasi cha kiganja, upachike mawe madogo au vijiti kwenye pembe. Kitandiko kikiwa kikubwa na huwezi kukikata, kunja chini. Mimi upande wa juu wa mteremko nainua, tatu zilizobaki nakunja chini. Maji yakija yanagonga ukuta yanazunguka, na yakiingia kwa bahati mbaya yana pa kutokea.

---

Dada wa Makole

Na chandarua? Hombolo mbu ni wengi, hakuna aliyekigusa.

---

Jasiri Muoga

Kile cha pembe nne, unafunga kwenye kamba ileile ya mgongo wa paa. Pindo lake unalichomeka chini ya mkeka, juu ya nailoni. Ukiliacha likaning'inia nje likagusa udongo uliolowa, linanyonya maji kama utambi wa koroboi na kuyaleta mpaka kitandani. Limenikuta.

---

Mrina wa Itigi

Nimesahau jambo. Msikimbilie kulala kwenye tembe lililoachwa au banda la zamani kwa sababu mvua imekuja. Sakafu na nyufa za udongo zile ni nyumba ya papasi, jamii ya kupe. Anatoka usiku, ananyonya kama nusu saa, anarudi kwenye ufa wake, asubuhi humwoni. Homa yake inakuja, inaondoka, unadhani umepona, inarudi tena. Wengi wanapima malaria, wanaambiwa hamna, wanakata tamaa. Ukiwa na homa ya namna hiyo mwambie daktari ulilala wapi. Chini ya turubai, mahali paliposafishwa, ni salama kuliko chini ya hilo paa la udongo.

---

Mwana wa Chilonwa

MREJESHO

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita tulikuwa shambani kwetu Chilonwa siku mbili, kuwinga nyani kwenye mtama. Paa lilikuwa lilelile la mita 3 kwa 4. Chini niliweka nailoni ya geji 1000, nimekata mita 1.5 kwa 3, kilo moja na kidogo. Juu yake mkeka wa bibi na kigodoro.

Usiku wa kwanza mvua ilianza magharibi ikapiga mpaka saa tano. Upande wa juu niliinua kama nilivyosema. Nilikaa na tochi natazama maji ya upenuni yanavyoanguka kwenye udongo, sentimita kama kumi na tano kutoka ukingo wa nailoni, yanazama. Sikulala kwa raha ya kutazama. Kona moja ya miguuni ililowa kwa sababu kigingi kiling'oka, udongo ulikuwa umelainika, paa likalegea upande huo. Nikaongeza jiwe juu ya kigingi, likatulia.

Usiku wa pili haikunyesha kabisa, na asubuhi upande wa chini wa nailoni ulikuwa unatiririka matone. Fundi, nilikukumbuka. Mkeka ulikuwa mkavu.

Niliinua upande wa mbali kwanza. Alikuwepo mmoja, mweusi, mkia juu. Nilimwacha aondoke kwa muda wake.

---

Mrina wa Itigi

Vizuri. Mwakani njoo Itigi ubebe mizinga.

---

Mama Karanga

Hongera mwanangu. Mimi kijana wangu hakusoma uzi. Amebandika viraka kwa solusheni ya baiskeli, kumi na vinne, vimepangwa vizuri sana. Jana nimeanika karanga, leo navitoa kimoja kimoja kwenye ungo.